Tuna maeneo sita ya kale na tumeambiwa tuchague matatu: tutumie kipimo gani?

SWALI: "Kijiji chetu kipo kusini mwa Tanga, kati ya barabara ya Pangani na bahari, na sasa tunaandaa mpango wa matumizi ya ardhi. Mimi ni katibu wa kamati iliyopewa kazi ya kupendekeza maeneo ya kihistoria yatakayolindwa. Tumepata sita: magofu ya msikiti na makaburi karibu na mikoko, kisima cha mawe kisichokauka, mbuyu wenye mzimu ambao wazee hutambikia, nyumba ya meneja wa mkonge ya enzi za Mjerumani, kambi ya manamba, yaani vibarua wa mkonge, iliyobaki kuta tu, na shamba la mama mmoja ambalo kila likilimwa hutoa vigae vya vyungu. Serikali ya kijiji inasema tuchague matatu kwa sababu ardhi haitoshi. Vijana wanasema kitu kisicho cha kabla ya mwaka 1863 hakina haki yoyote kisheria, na wengine wanaogopa kwamba tukitangaza eneo, serikali italichukua. Zaidi ya hayo, yupo mfadhili aliyejitolea kuukarabati msikiti kwa saruji na rangi ili watalii waje. Tutumie kipimo gani bila kugombana?"

JIBU: Ndugu Katibu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na naona kamati yako imebebeshwa maswali mawili yaliyofungwa kama moja. Swali la kwanza ni maeneo gani yana thamani. La pili ni kijiji kinaweza kutenga ardhi kiasi gani. Mkiyajibu kwa pamoja, mtajikuta mnaandika kwenye muhtasari kwamba kambi ya manamba haina maana, ilhali mlichotaka kusema ni kwamba nafasi imekuwa finyu, na miaka kumi baadaye mtu atausoma muhtasari huo na kuutumia kama kibali cha kubomoa. Kwa hiyo orodha ya thamani ibaki na maeneo yote sita. Hakuna sheria inayowalazimisha kuipunguza. Kinachopunguzwa, kama kweli kuna haja, ni ukubwa wa eneo na uzito wa masharti, na hilo haliwezi kujulikana kabla ya kupima. Kisima na mbuyu havihitaji ekari. Pengine hatua chache kila upande zinatosha. Pimeni kwanza kwa kamba na simu yenye ramani, ndipo mrudi kwa mwenyekiti na takwimu mkononi, na huenda hoja ya "matatu tu" ikajifia yenyewe.

Sasa tuje kwenye mwaka 1863, ambao vijana wameusikia vizuri lakini wameuelewa nusu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayalinda moja kwa moja majengo, makaburi, majaa ya kale na visima vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka huo, bila kusubiri tangazo la mtu yeyote. Maana yake ni kwamba kama magofu ya msikiti, makaburi na kisima chenu ni vya kabla ya 1863, jambo linaloelekea kuwa kweli kwa magofu mengi ya mwambao huu, basi kamati haina mamlaka ya kuamua kama vitalindwa au la. Vimekwisha kulindwa, na kazi yenu ni kuamua vitatunzwa vipi. Kwa upande wa pili, sheria hiyohiyo inampa waziri mwenye dhamana uwezo wa kutangaza, kupitia Gazeti la Serikali, jengo au eneo la baada ya 1863 kuwa la kumbukumbu au la kihistoria. Tena milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki zina mpaka wake, nao ni mwaka 1940, kwa hiyo kama kijijini kuna nyumba yenye mlango wa nakshi wa babu, msiuache uuzwe kimyakimya kwa mnunuzi wa mjini. Mwaka 1863 ni mstari wa ulinzi wa moja kwa moja. Kilicho upande wa pili wa mstari kinahitaji mtu wa kukisemea, na mtu huyo kwa sasa ni wewe na kamati yako.

Hofu ya kuchukuliwa ardhi siidharau, maana watu wa mwambao wameona mengi. Lakini kutangazwa kwa eneo na kutwaliwa kwa ardhi ni mambo mawili tofauti. Serikali ikitaka kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma kuna utaratibu wake na kuna fidia. Tangazo la malikale, kwa lenyewe, haliondoi shamba mikononi mwa mwenyewe. Kinachokuja na ulinzi ni masharti: usichimbe, usibomoe, usijenge juu yake wala kulibadilisha bila kibali. Masharti hayo ni mzigo halisi kwa mwenye eneo, na si haki kuyaficha kwenye mkutano ili kura ipite. Vilevile msiwaahidi watu kwamba tangazo litaleta mlinzi, uzio na fedha. Yapo maeneo yaliyotangazwa miaka mingi ambayo mlinzi wake wa kweli ni jirani anayepiga kelele akiona mtu na sururu.

Nikiulizwa nianze na lipi kati ya sita, ningeanza na lile ambalo nadhani limewekwa mwisho kwa sababu halina cha kupigia picha: shamba la mama lenye vigae. Hapo ndipo kuna jambo linalohitaji kuelezwa taratibu, kwa kuwa watu wengi hudhani akiolojia ni kutafuta vitu vizuri. Kigae peke yake kinasema kidogo. Kinachosema mengi ni mahali kilipolala: kiko katika tabaka gani la udongo, kiko jirani na nini, juu yake kuna nini na chini yake kuna nini. Watu walipoishi mahali walitupa majivu, mifupa ya samaki, makombe, vipande vya vyungu, na udongo ukajijenga juu ya udongo kwa mamia ya miaka. Mtafiti akichimba kwa utaratibu, anasoma mpangilio huo na kujua nini kilitangulia na nini kilifuata. Anaweza kujua watu walianza lini kula mchele, lini walianza kununua vyombo vya ng'ambo, lini walijenga kwa mawe. Trekta likipita na jembe lenye kwenda chini sana, au mtu akichimba shimo la choo hapo, vigae vinabaki vilevile, hakuna hata kimoja kilichoibiwa, lakini mpangilio umekwenda. Hiyo ni nazi iliyokwisha kukunwa. Huwezi kuirudisha ndani ya kifuu.

Nendeni shambani baada ya mvua ya kwanza, mama mwenyewe akiwa mbele yenu, mtembee polepole kati ya matuta bila kuchimba. Mkiona kigae cha udongo wa kawaida chenye mistari iliyochorwa kuunda pembetatu chini ya mdomo wa chungu, kuna uwezekano mkubwa mnatazama kazi ya mfinyanzi wa kati ya karne ya 6 na ya 10, kabla ya msikiti wowote wa mawe kujengwa hapo jirani. Mkiona kipande kizito cha rangi ya kijani iliyofifia, chenye mng'ao kama kioo pande zote, hicho huenda kimetoka China na ni cha karne za baadaye. Vipigeni picha hapohapo vilipo, mkiweka rula pembeni, andikeni viko upande gani wa shamba, kisha viacheni. Msivioshe, msivikusanye kwenye mfuko wa rambo na kuvipeleka ofisi ya kijiji, maana mfuko huo utakaa kabatini mpaka karatasi iliyoandikwa mahali vilipotoka ipotee.

Na mama asinyang'anywe shamba. Jembe la mkono linalokwenda chini kidogo, kwenye udongo uliokwisha kulimwa vizazi vitatu, haliongezi madhara makubwa. Kinachotakiwa ni makubaliano ya maandishi: aendelee kulima mihogo na kunde, asiruhusu trekta, asichimbe shimo refu wala kupanda miti mipya ya mizizi mirefu, na kijiji kimpe kitu badala yake, kwa mfano kipande kingine kwa ajili ya ujenzi anaoukusudia. Mkimlinda yeye, yeye ndiye atakayelilinda shamba.

Kuhusu kipimo, kamati nyingi hupenda kugawa alama: umri kumi, uzuri kumi, utalii kumi, kisha wanajumlisha na kupanga washindi. Sikushaurini hivyo. Jumla huficha mambo. Mahali penye alama tano kila kona hushinda mahali penye kumi ya jambo moja lisilopatikana kwingine kokote, na hapo mnakuwa mmechagua kisicho na kasoro mkaacha kisicho na mfano. Jiulizeni badala yake, kwa kila eneo na kwa maneno, si kwa namba: likitoweka, tutapoteza kujua nini ambacho hakijaandikwa popote? Kuna jingine kama hili karibu, lililohifadhika vizuri zaidi? Limebaki zima kiasi gani? Nani analitumia au kulikumbuka leo? Na linatishiwa na nini ndani ya miaka mitano ijayo? Swali la mwisho ndilo linaloamua nani ahudumiwe kwanza, na kwa kawaida ndilo linalosahauliwa, kwa sababu watu wanapanga maeneo kwa heshima, wakati mawimbi na matrekta hayaangalii heshima.

Tuyapitie basi. Msikiti na makaburi yenu yana jirani mashuhuri, Tongoni, kilomita zipatazo 17 kusini mwa mji wa Tanga, penye msikiti na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa makaburi ya nguzo, yaani yenye nguzo ya mawe iliyosimamishwa juu yake, ya karne ya 14 na ya 15. Mtu anaweza kusema: Tongoni ipo, ya nini kutunza padogo? Lakini mji mmoja mkubwa hausimulii mwambao mzima, na vijiji vidogo vilivyouzunguka ndivyo vilivyoulisha. Kuna pia wanaotaka kila gofu lipate sifa kwa kuhusishwa na mgeni. Ni kweli kwamba meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama kwenye miamba ya hapo mwaka 1498, ikachomwa moto mwaka uliofuata kwa kukosa mabaharia wa kutosha, na watembeza watalii hulipenda sana simulizi hilo. Mimi hunichosha kidogo. Mji ulikuwapo na ulikuwa unaswali kabla ya meli hiyo kupotea njia, na thamani yake haikuja na Wareno. Msihangaike kutafuta mzungu wa kuwathibitishia makaburi yenu.

Kitu cha kujifunza Tongoni ni kingine. Nguzo za makaburi zilipambwa kwa mabakuli yaliyotoka ng'ambo, yaliyopachikwa ndani ya chokaa, na leo unaona vishimo vya mviringo vitupu pale mabakuli yalipokuwa. Kama kwenu bakuli hata moja limebaki, lipigwe picha sasa, taarifa ipelekwe kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, na lisitangazwe mitandaoni. Nasema hivyohivyo juu ya wale wanaochimba usiku wakitafuta "mali ya Mjerumani". Makaburi ya kale ya Kiislamu hayana hazina. Maiti huzikwa kwa sanda, na mchimbaji hupata mifupa na laana ya kijiji. Lisemwe wazi mkutanoni. Na kama kuna waumini wanaohofu kwamba kulinda makaburi ni kuyatukuza kupita kiasi, imamu aalikwe mapema azungumze nao, kwa kuwa kuzuia kaburi lisivunjwe si kuliabudu, na hoja hiyo ikiachwa bila kujibiwa huua mradi mzima.

Sasa saruji, na hapa naomba msimamo wenu uwe mgumu. Kuta za kale za mwambao ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Kuta hizo hunyonya unyevu kutoka ardhini, na unyevu huo hutoka taratibu kupitia chokaa, ambayo ni laini na ina vitundu. Ukiupaka ukuta saruji, umeufunga pumzi. Maji yanabaki ndani, chumvi ya bahari iliyomo humo inakauka na kujenga vipande vigumu nyuma ya lipu, vipande hivyo vinasukuma, na baada ya misimu michache lipu nzima inadondoka ikiwa imebandukana na uso wa jiwe. Mtu akipita anasema "jengo limezeeka", kumbe limeuawa na ukarabati. Kama kazi ya kuimarisha inahitajika, ifanywe kwa chokaa, na fundi anayeijua chokaa, baada ya kibali. Na chokaa hiyo isichomwe kwa matumbawe hai. Tanga imekaa juu ya mawe ya chokaa, mapango ya Amboni yenyewe ni ushahidi, hakuna sababu ya kuvunja mwamba wa samaki ili kutengeneza msikiti.

Kisima nakipita haraka: kama kinatumika, kiendelee kutumika. Kisima kinachotekwa hufagiliwa na hutazamwa kila siku. Zuieni tu kupanuliwa mdomo, kutiwa saruji, na kuchimbiwa vyoo karibu.

Mbuyu wa mzimu una wenyewe, nao ni wazee. Kamati isiwaamulie. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, misitu ya kaya ya Wamijikenda, yaani makazi matakatifu ya mababu zao, iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na ilifika huko ikiwa bado imesimama kwa sababu miiko ya wazee iliizuia shoka kwa vizazi kabla ya cheti chochote kuandikwa. Kuna mahali wageni na wenye tambiko wanashirikiana, kama ndani ya Amboni ambako watu huacha sadaka pangoni na watalii hupita. Kuna mahali haifai. Waulizeni wazee kama wanataka pawekwe kwenye ramani ya wazi au patajwe tu kwenye kumbukumbu ya kijiji kama eneo la jamii lisilojengwa. Jibu lao, hata likiwa "hapana", liheshimiwe. Jambo moja la kitaalamu: mibuyu mikubwa ya mwambao mara nyingi husimama palipokuwa na makazi, kwa hiyo tazameni udongo uliouzunguka kwa jicho lilelile la shambani kwa mama.

Imebaki mkonge, na hapa najua maoni yangu hayatawapendeza wote. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, kutoka Florida, Marekani, na kati ya miche ipatayo 1,000 ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, ng'ambo ya Mto Pangani. Kutokana na miche hiyo ulikua utajiri uliojenga nusu ya Tanga. Nyumba ya meneja ni nzuri, ina baraza na kuta nene, na kwa sababu hiyo kamati yako itavutiwa kuichagua na kuiacha kambi. Nikilazimishwa kuchukua moja ningechukua kambi. Nyumba za mameneja zimebaki kadhaa mkoani, na zina ramani, picha na barua kwenye nyaraka za makampuni. Watu waliopewa namba badala ya majina, wakaletwa kutoka mbali na kipande, yaani kadi ya kazi, mkononi, wakalala kumi kwenye chumba kimoja, hawakuacha barua. Waliacha kuta hizo, mafiga, namba zilizoandikwa milangoni kama bado zinaonekana, makaburi yasiyo na alama nyuma ya kambi, na wajukuu ambao leo ni wanakijiji wenzenu. Kambi hiyo bila wazee wanaoikumbuka ni matofali tu, kwa hiyo kazi ya kwanza hapo ni kurekodi sauti kwa simu, kabla hata ya kupima ukuta. Nyumba ya meneja itafutiwe matumizi, iwe zahanati, maktaba au ofisi, maana jengo lenye paa na mtu ndani hudumu.

Kwa hiyo, mkiniuliza mpangilio, nisingeandika matatu. Ningeandika maeneo yenye mipaka na masharti makali: msikiti na makaburi, pamoja na mikoko iliyo mbele yake kwa sababu mikoko ikikatwa bahari itafika ukutani, na shamba la vigae kwa makubaliano na mama. Kisima, mbuyu na kambi vingeingia kama ardhi ya jamii isiyogawiwa, na masharti yake yangeandikwa kwenye sheria ndogo za kijiji, ambazo hupitishwa na mkutano mkuu na kuridhiwa na halmashauri ya wilaya. Nyumba ya meneja ingeandikwa kwenye daftari bila kutengewa ardhi ya ziada. Lakini sijayaona kwa macho. Mnaoyajua ni ninyi, na mpangilio wangu mwaweza kuupindua kwa sababu nzuri.

Kuna mambo ambayo ushauri wa maandishi hautoshi. Ukuta ukiwa umeinama au una ufa unaopanuka, msiuegemeze miti wenyewe. Iteni Idara ya Mambo ya Kale kupitia Afisa Utamaduni. Mifupa ya binadamu ikitokea, simamisheni kazi saa hiyohiyo, funikeni kwa turubai, na kama kuna shaka yoyote kwamba si ya kale, polisi waitwe kwanza. Mwekezaji wa hoteli akifika, ombeni kuona tathmini ya athari kwa mazingira na mwulize kama malikale yameandikwa humo. Mjini Tanga kuna wenzenu wa shirika la Urithi, kwenye Boma la zamani, wanaojua majengo. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara inayofundisha akiolojia, ambayo wanafunzi wake wanahitaji maeneo ya kufanyia mazoezi ya kupima na kuchora ramani. Barua moja yenye picha zenu na vipimo vyenu itafungua mlango kuliko maombi ya jumla.

Mfadhili naye msimkatishe tamaa. Mjibuni kwa barua ya shukrani, mkieleza kwamba jengo liko chini ya sheria na haliwezi kuguswa bila kibali, na mkimwomba fedha yake ya mwaka wa kwanza ilipe upimaji, picha, na kusafisha vichaka. Kazi ya kusafisha ifanywe kwa panga na msumeno tu, shina likatwe juu ya ardhi, na mizizi iliyokwisha penya ukutani iachwe ikauke yenyewe, kwa kuwa mzizi ukivutwa hutoka na mawe yake.